Kilichopita Kati ya Nukta Mbili

Muchangi hakuwa akitafuta kosa. Alitaka tu picha nzuri ya kubandika kwenye ukuta wa karakana yake pale Runyenjes, wateja waone kwamba winchi yake ya kuteremsha wachimba visima imeundwa na mtu aliyesoma. Basi akafungua kompyuta, akauita ule mfano wa sakiti, yaani njia za umeme za winchi, aliouchora miezi miwili nyuma, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na haraka, akapunguza hatua ya muda. Zamani aliiagiza kompyuta ihesabu volti kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa akaiagiza kila baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, akaenda kununua chai kibandani kwa Cicily.

Aliporudi, kikombe kilimtoka mkononi.

"Ngai!"

Ule mstari uliokuwa umelala kama kamba ya kuanikia nguo ulikuwa umeota mwiba. Pale mtu anapoachilia kitufe ili mota izimike, volti zilipanda mpaka mia saba, zikashuka, kabla hata hujapepesa jicho. Na transista, ile swichi ndogo ya kuizima mota, ilikuwa ya kuhimili volti mia moja tu; zikizidi huungua na kuacha umeme upite. Mia saba, jamani! Mwiba ulikuwapo siku zote. Kompyuta ilichungulia kabla haujaota, ikachungulia tena ulipokwisha kuanguka, ikaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka, na yeye na diploma yake akauamini.

Tena miezi ile miwili nyuma programu yenyewe ilikuwa imejaribu kumwokoa. Kila ilipofika mahali pale ilipunguza hatua yenyewe na kujikokota, maana kiwango cha usahihi alichoiwekea kilikuwa kikali. Asubuhi nzima ikapita bila jibu. Akaona kompyuta inamchezea. Akalegeza kiwango, akaifungia kwenye hatua ile kubwa, na jibu likaja chai ikiwa bado moto. Mstari shwari! Akaifuta hata diodi aliyokuwa ameichora ya kumeza volti kama hizo, kwa sababu diodi ya ukubwa ule alikuwa ameikosa Embu mjini. Ya nini, na kompyuta imesema hakuna tatizo?

Na winchi sasa ilikuwa wapi? Shambani kwa mteja wake Gichovi, kando ya kisima cha futi themanini, imembeba babake.

Juzi tu babake huyo, Mzee Mbaka, mchimba visima wa miaka thelathini, alikuwa amemwambia, "Hicho kidude chako kinachelewa kusimama. Rwamba akiachilia, bado kinavuta kidogo." Naye akamjibu, "Baba, kompyuta imekikagua. Shuka tu." Haki alisema hivyo. Shuka tu!

Akampigia simu Rwamba, ambaye ndiye hubonyeza kitufe pale juu ya kisima.

"Rwamba! Baba yuko wapi?"

"Anapanda. Nishaona kofia yake. Ngoja nimsimamishe." Kisha sauti ikabadilika. "Muchangi! Nimeachilia na bado inavuta! Haisimami!"

Ndoo aliyopanda mzee ikifika kwenye puli, lile gurudumu la juu linalopitisha kamba, kamba itakatika, na mzee atarudi chini futi zote themanini.

"Ng'oa waya wa betri!"

"Upi?"

"Wowote! Ng'oa!"

Simu ilianguka. Alisikia chuma kikilia na mtu akipiga yowe. Akatoka mbio na kompyuta kwapani, slipa moja mguuni, akarukia bodaboda bila kuuliza bei.

Alimkuta babake ameketi juu ya lundo la udongo, mzima, kofia yake ya plastiki imepasuka pale ilipogusa puli. Rwamba alikuwa bado ameukamata ule waya kwa mikono miwili, akiambiwa auache hauachi. Muchangi akapiga magoti, akalia bila aibu, akaeleza yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa aliyekaribia kuvunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

"Nionyeshe," mzee akasema.

Akamwonyesha mistari yote miwili.

"Huu uliolala ndio ulioniambia nishuke nao?"

"Ndiyo, Baba."

"Na huu wenye mwiba?"

"Ni winchi ile ile. Safari hii nimeangalia mara nyingi zaidi."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Ulipokuwa mdogo tulikupeleka Mbeere kwa nyanya yako kulinda mtama. Ulikuwa unaamka mara moja, unatazama, unasema hakuna ndege, unalala tena. Tulivuna mabua."

Rwamba alicheka kidogo; mzee hakucheka.

"Kitengeneze hicho kidude," Mzee Mbaka akasema, akiivua ile kofia iliyopasuka na kumvisha mwanawe. "Kesho wa kwanza kushuka ni wewe."

Muchangi akaketi pale pale kwenye udongo, kofia kichwani, akairudisha diodi mahali pake kwenye mchoro. Kisha akaipunguza hatua ya muda mara kumi tena.