Mgomba Kwenye Kona

Picha ya Stellah iliingia saa tano asubuhi, Kavata akiwa amepiga magoti kwenye tope la Upper Hill, jicho kwenye rula. Walikuwa wakipima uwanja mdogo nyuma ya jengo la ofisi, mahali palipotakiwa kuwekwa tangi kubwa la maji. Mwenzake Fidel alikuwa akiinua nyundo ya kilo nane hadi juu ya fimbo ya chuma, anaiachia, inashuka na kugonga, na ncha iliyo chini inazama kidogo ardhini. Kila pigo analihesabu kwa sauti. Kavata anasoma imezama kiasi gani, anaandika. Kazi yao ndiyo hiyo, kuiuliza ardhi kama itabeba mzigo. Mapigo mengi, ardhi ngumu. Mapigo machache, ardhi laini. Mtoto wa darasa la tatu angeielewa, na pengine ndiyo maana watu wazima huifanyia mzaha.

Alifungua simu akitabasamu. Mdogo wake haishi kumtumia picha: mtoto, sufuria, mtoto ndani ya sufuria. Leo ilikuwa picha ya chipukizi la mgomba, kijani kibichi, limetokeza kwenye ufa kati ya ukuta wa nyumba na sementi ya nje. Chini yake Stellah alikuwa ameandika: "Ona nimepata shamba Nairobi. Kila asubuhi nakamwagia maji ya kufua."

Tabasamu likamkauka Kavata usoni. Fidel alisema thelathini na moja, akasema tena thelathini na moja, kisha akauliza kama haandiki. Kavata hakumsikia. Aliijua kona ile. Ilikuwa nyumba ya kupangisha kule Mutuini, ya chini na ghorofa mbili juu, familia kumi na mbili. Chumba cha kona alikaa Stellah na mumewe Mwangangi, soja wa lango huko Kileleshwa, pamoja na mtoto wao Kaindi wa miezi saba. Na udongo ulio chini ya nyumba hiyo aliupima Kavata mwenyewe, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

Tuseme ukweli hata kama unauma. Ploti ile ilikuwa boma la mama yake Ephantus, mwenye nyumba, na ramani ilionyesha sehemu sita za kupima, kila moja na kigingi chake. Kigingi cha tano kilikuwa katikati ya migomba. Fimbo ile ina urefu wa mtu na nyundo inataka nafasi, na Ephantus alikataa kukata migomba kwa sababu mmoja ulikuwa na mkungu uliobakiza wiki mbili kukomaa. Mvua ilikuwa inanukia. Kavata akatazama kushoto, akatazama kulia, akahamisha kipimo hatua nne hadi penye uwazi. Udongo mwekundu, mzuri, mapigo tele. Akaandika: namba tano, sawa.

Kusogeza si dhambi, kila fundi wa udongo amewahi kusogeza. Sheria ni moja tu, uandike umesogeza. Yeye hakuandika, maana angeandika angelazimika kuchora ramani upya na kurudi tena baada ya ndizi kukatwa. Lakini kilichokuwa kikimsumbua sasa si sheria. Kwao Kangundo, kila mtoto anajua migomba minene ya nyanya yake ilipandwa wapi. Choo kikijaa hufukiwa, na juu yake hupandwa mgomba. Yeye na Stellah walikuwa wakichekana utotoni nani ataanza kula ndizi za kule nyuma. Alilijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma, na siku ile alisimama mbele ya migomba mikubwa ya boma la zamani, na kalamu mkononi, akaona migomba tu.

Kisha, msomaji, akamwambia mdogo wake ahamie hapo. Alimwambia kwa majivuno kabisa, kwamba Nairobi nzima nyumba zinasimama kwa maombi, lakini hii ameipima mwenyewe.

"Fidel, ng'oa chuma," akasema. "Tunaenda Mutuini."

Ndani ya pikapu ya kampuni alimpigia Stellah. Aliuliza habari za nyumba kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida. Stellah akasema ni nzuri tu, isipokuwa mlango wao umekuwa ukishika tangu mvua zianze. Keateka, mtunza nyumba, ameupiga randa mara mbili na bado unashika. Mbao za siku hizi, akasema. Mbao hazikuwa na kosa. Kavata aliona wazi jinsi kona ya nyumba inavyokaa chini taratibu, unywele kwa unywele, ikivuta fremu ya mlango, na mdogo wake akiimwagilia ndoo moja ya maji kila asubuhi.

Akampigia bosi wao Isaiah, akamweleza yote.

"Usiongee kitu huko," Isaiah akasema. "Kuja ofisi kwanza tuangalie hiyo faili. Kavata, unanisikia? Usiongee kitu."

Walifika saa saba kasoro, wingu limeshuka jeusi upande wa Ngong. Ripoti yake ilikuwa imebandikwa langoni ndani ya karatasi ya nailoni, jina lake chini, ili wapangaji wapya waone kuwa hapa hakuna ujanja. Alipita akiangalia pembeni kama mtu anayepita mbele ya anayemdai.

Stellah alishangaa kumwona, akafurahi, akaanza kuuliza kama amekula. Kavata akamwambia amchukue mtoto watoke nje. Stellah akacheka. Kaindi alikuwa amekesha kwa meno na ndiyo kwanza amelala, asiguswe na mtu. Akauvuta mlango ukajifunga, ili kelele za chuma zisimwamshe, akafuata kuona dada yake amekuja kufanya nini.

Hapo Kavata angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Nitamtetea kidogo: mtu aliyebeba hofu ya kosa lake mwenyewe huwa bado anatafuta kitundu cha kutokea. Alijiambia apime kwanza, dakika tano tu. Labda choo kilikuwa upande mwingine. Labda mama yake Ephantus alipenda tu migomba. Hizo dakika tano alizijutia kuliko mwaka mzima na ile miezi miwili.

Walisimamisha fimbo mita moja kutoka kwenye kona, kando ya chipukizi. Wapangaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, Jacklyne wa ghorofa ya kwanza mbele, mikono yake ina povu la sabuni. Fidel akainua, akaachia. Moja. Mbili. Tatu. Mapigo ya kwanza yalikuwa mazuri, na Kavata alianza kuomba kimoyomoyo kwa maneno ya shule ya Jumapili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Wakaunga kipande cha pili cha fimbo. Kumi na tisa.

Pigo la ishirini halikupigwa. Fidel alikuwa ameshika tu, nyundo imetulia chini, na fimbo ikaanza kwenda yenyewe. Ilizama polepole na kwa uzito wake, ikapita rula, ikapita alama ya mwisho, hadi vidole vya Fidel vikagusa tope. Harufu nzito, ya zamani, ikapanda kwenye tundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ukuta wenyewe ukiwa umejengwa juu ya choo.

"Hapo chini kuna nini?" Jacklyne akauliza.

Ephantus alikuwa ameshafika, keateka amemwita. Alikuja na mwavuli na heshima zake, akauliza ni nani aliyewaruhusu kutoboa uwanja wake. Kavata akamwambia watu watoke ndani, wote, sasa hivi. Mzee akaelekeza mwavuli langoni, kwenye karatasi, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba kuna ripoti pale, na saini ya chini anaijua mwenyewe ni ya nani. Wapangaji wakageuka kumtazama Kavata. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, Isaiah. Alihofia kazi yake, aliogopa kesi, aliogopa zaidi macho ya Stellah.

"Namba tano hatukupima penye ilikuwa," akasema. "Ilikuwa ndani ya ndizi. Mimi ndio nilisogeza, na sikuandika. Hiyo karatasi ni uongo. Tokeni."

Ephantus alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtoto wa boma lile.

"Fundi aliniambia," akasema. "Wakichimba shimo ya nguzo ya hiyo kona, akaniambia mchanga ni mweusi na unanuka. Nikamwonyesha karatasi yako. Nikamwambia wajaze mawe."

Watu hawakungoja wasikie zaidi. Mabati ya ngazini yakaanza kulia kwa miguu, magodoro yakaruka kutoka juu, mtu akibeba televisheni, mwingine kuku. Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka. Na katikati ya vurumai hiyo ukasikika mlio mmoja, mfupi, mkavu, kutoka ndani ya ukuta wa kona. Ufa ulipanda kutoka penye chipukizi hadi dirisha la Jacklyne, watu wakiuona kwa macho yao.

Stellah alikuwa wa kwanza mlangoni. Akasukuma. Mlango haukusogea. Akasukuma kwa bega, akalia jina la mtoto, na kutoka ndani Kaindi akaamka na kujibu kwa kilio. Fremu ilikuwa imeubana mlango kwa nguvu za nyumba nzima. Madirisha yote yana vyuma. Keateka alileta randa yake, maskini, akasimama nayo hajui aitumie wapi.

Kavata alirudi mbio kwenye fimbo, akafungua kipande cha juu chenye nyundo, akakiburuta hadi mlangoni. Akakilaza ubavu, Fidel akashika upande mmoja, yeye mwingine, wakapiga penye kufuli. Mlango ukatetemeka. Wakapiga tena. Vumbi la plasta lilikuwa linawamwagikia vichwani, na kutoka juu yao nyumba ilikuwa ikitoa sauti ndogondogo za kukatika, na Kavata alijua maana ya kila moja. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hofu yenye ladha ya chuma mdomoni. Kisha akamsikia Fidel. Kwa mazoea tu, bila kujua, Fidel alikuwa anahesabu.

"Tatu. Nne. Tano."

Mlango ulikatika kwenye pigo la tisa. Stellah alipita chini ya mikono yao, akapotea ndani ya vumbi, na kwa muda ambao Kavata hataki kuusimulia hakuonekana. Kisha akatoka, mtoto amefungwa kwenye shuka, anakohoa, mzima. Wakakimbia wote wanne hadi nje ya lango.

Saa nane na robo, mvua ikiwa imekolea, kona ya nyumba iliketi. Haikuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ilishuka chini kiasi cha kimo cha mtu na chumba cha Stellah kikajikunja, na cha juu yake kikashuka kukaa mahali pake. Jacklyne alipiga kelele mara moja, kisha akaanza kuhesabu watu kwa kidole, akarudia mara tatu, hadi akaridhika kwamba familia kumi na mbili zote zimetimia. Hakuna aliyekufa. Ephantus alikaa kwenye jiwe na mwavuli wake umefungwa, analowa.

Walijikinga kwenye baraza la duka la ng'ambo, kwenye benchi refu la mbao. Simu ya Kavata iliita tena, akaiacha iite. Alitoa fomu kwenye mkoba, ile ile wanayojaza kila siku, akaandika. Tarehe. Ploti. Namba tano. Penye neno mahali, akaandika: ndani ya migomba, juu ya choo cha zamani. Penye mapigo baada ya mita moja, akaandika sifuri. Akatia saini. Akampa Fidel, naye akasoma, akatia yake.

Stellah alikuwa amekaa mwisho wa benchi, Kaindi ananyonya. Alikuwa anatazama mahali chumba chake kilipokuwa. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye ndiye alikuwa anamwaga maji. Kavata akamwambia si maji yake, ni kalamu yake yeye dada mkubwa, akaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Akasogea karibu, akanyoosha mkono ashike mguu wa mtoto.

Stellah akamvuta mtoto upande wake. Akatazama chini, kwenye sakafu ya udongo wa baraza, akaigusa kwa kidole cha mguu.

"Na hapa tumekaa," akauliza, "umepapima?"

Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua.

"Hapana," Kavata akasema. "Hapa sijapima."

Stellah akainuka na mtoto wake, akaenda kusimama kwenye mvua.