Kilichokuwa Ndani ya Kochi

Ulisikika mluzi kwanza, mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Mke wa fundi makochi akatoka jikoni mikono imejaa povu, akavuta pazia la chumba. Mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwa mumewe.

Siku tano alikuwa na homa na mgongo wa kumkatakata, akimeza dawa za malaria na kutania kwamba uzee umemwahi. Tangu jana hakuwa amepata hata tone la mkojo.

Hospitalini, daktari akawaambia hii si malaria: figo zimegoma, mapafu yanajaa maji. Akauliza kama mgonjwa alikutana na panya, au vumbi la vinyesi vyao. Fundi akatikisa kichwa chini ya barakoa ya oksijeni, kisha akamkazia mkewe jicho.

Jicho hilo mkewe alilijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa akishona vitambaa pale karakanani, na sheria ya mumewe ilikuwa moja: unachokikuta ndani ya kochi la mteja, unakufa nacho. Meno ya bandia, barua za mapenzi, chupa za pombe za mlokole, yote yaliishia kwao. Kwa kufunga mdomo hivyo, wazito wote wa mtaa walimletea kazi. Na wiki tatu nyuma, kochi la mwalimu mkuu lilipopasuliwa, kilianguka kiota kizima cha panya. Fundi alilikung'uta kwa fimbo, mlango umefungwa, wapita njia wasione.

Sasa alikuwa anavuta pumzi kama anayevuta gunia la mawe.

"Panya walikuwepo, daktari," mkewe akasema. "Ndani ya kochi. Vumbi lote alilivuta yeye."

Daktari akaagiza damu ipimwe virusi vya hanta, vinavyoenezwa na panya. Akaeleza kwamba virusi hivyo havina dawa ya kuviua. Watamsaidia kupumua, na mashine itamsafisha damu hadi figo zirudi kazini, zikikubali.

Fundi akasogeza barakoa. "Umeniua kwa wateja, mama watoto."

"Afadhali kwa wateja." Akairudisha barakoa puani pake, akaikaza. "Na wajukuu wa mwalimu mkuu wanalala nyumba ile ile lilikotoka kochi. Leo hii nakwenda kumwambia ana panya, na asifagie vinyesi vikiwa vikavu, avimwagie maji ya dawa kwanza. Nakuahidi, sitamficha hata neno moja. Ukipona, utanigombeza."