Pale Sindano Iliporuka

Mashabiki walimwita Mama Mkwaruzo kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na uzeeni akaamua kutoa albamu ya nyimbo za watu wengine: jazi na soul alizozipenda tangu utotoni. Za kwake, alisema, zilishamchosha hata yeye mwenyewe. Aliziimba kwa lugha ya wenyewe, aliyoikariri kwa sikio tu. Nyumbani kwao mama ndiye pekee aliyeielewa.

Kazi ilikwenda vizuri studio mpaka wimbo wa mwisho. Mpiga kinanda akaondoa vidole.

"Shangazi, umeruka mstari."

"Niruke mimi? Wimbo huu nimeunyonya pamoja na maziwa!"

Kijana hakubishana na mkubwa. Alimchezea rekodi ya kwanza ya wimbo huo kwenye simu yake. Kweli bwana, katika ubeti wa pili palikuwa na mstari mzima ambao Mama Mkwaruzo hakuwahi kuusikia. Badala ya kuona haya, udadisi ukampanda. Kwao santuri ya wimbo huo ilikuwa moja tu, na sindano iliruka pale pale kila siku, penye mkwaruzo. Yeye akadhani wimbo ndivyo ulivyotungwa. Sasa nani aliikwaruza?

Akampigia mdogo wake, ambaye bado anaishi katika nyumba ya wazazi na mpaka leo halali na komeo mlangoni, baba yao asije akarudi akakuta kumefungwa. Baba aliaga wakiwa wadogo kwamba anakwenda kutafuta kazi, ndiyo imetoka hiyo.

"Si mama huyo, dada!" mdogo wake akacheka. "Nilimwona kwa macho yangu, na pini ya nywele mkononi. Nikadhani ni hasira tu. Kwani pale wanaimba nini?"

Mama Mkwaruzo akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia mpiga kinanda. "Mstari ule unasemaje?"

"'Funga mlango, mpenzi,'" kijana akatafsiri. "'Aliyeondoka hana nia ya kurudi.'"

Kumbe mama alijua. Alijua, na bado kila usiku aliacha komeo wazi kwa ajili yao wawili.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Hawaimbi kitu pale, mdogo wangu. Ni kinanda tu."

Akakata simu, akapangusa macho kwa ncha ya khanga, akasogelea kipaza sauti.

"Haya, tuanze upya. Na tukifika pale, turuke wote."