Njia Iliyozibwa Jumanne

Mji unakua, wanasema, na kweli unakua, kama jipu. Jumatatu palikuwa na kichochoro kutoka mtaa wa bondeni hadi zahanati, dakika tano kwa mwendo wa mjamzito. Jumanne mwenye viwanja vipya akakiziba kwa ukuta wa matofali, urefu wa watu wawili, vipande vya chupa juu. Kuzunguka kwa barabara kuu ni saa nzima, hapo foleni ikikuhurumia.

Alhamisi asubuhi mama mmoja alikuwa anamleta mke wa mwanawe akajifungue. Habari za ukuta hawakuwa nazo. Walipofika ukutani uchungu ukachachamaa, binti akachuchumaa palepale, na mama mkwe akaanza kugonga matofali kwa jiwe akiita nesi.

Mkunga wa zahanati akatoka mbio. Gari la wagonjwa keshalituma lizunguke, ingawa alijua halitawahi. Akabandika sikio ukutani.

"Unaona nini, mama?"

"Naona makalio. Kichwa hakipo."

Mtoto anayetanguliza makalio ukimvuta, kichwa kinanasa. Unamwacha ashuke mwenyewe, hata kama roho inakutoka. Mkunga alishazalisha tisa wa hivyo, wote wazima, na huyu wa kumi alimtaka kuliko hao wote.

"Miguu imetoka, nesi. Ananing'inia tu. Nifanyeje?"

Nyuma ya mkunga, lori la kokoto la huyohuyo mwenye ukuta lilikuwa linarudi kinyumenyume. Dereva akamwona mwanamke kaganda ukutani, akaona anazibiwa njia. Njia, eti! Akabonyeza honi asiiachie.

"Usimvute!" mkunga akapaza sauti. "Usimvute, mama!"

Honi ikameza mwanzo wa neno, mara zote mbili. Ng'ambo kilichofika ni kile kilichobaki: mvute, mama.

Mkunga akamgeukia dereva, akampungia mikono mpaka honi ikakatika. Binti akapiga yowe moja refu.

"Ametoka," mama mkwe akasema, anahema. "Shingo ilikwama, nikamvuta tu kama ulivyosema. Mbona halii?"

Hapo mkunga akaelewa.

"Msugue mgongo. Mpulizie mdomoni, polepole."

Mama akasugua, akapuliza. Muda ukapita, mrefu mno.

"Bado, nesi. Amelegea. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama," mkunga akasema. "Mimi ndiye niliyesema umvute."