Taulo la Lyle

Saa kumi na moja na robo jioni, Lyle Stottlemyer aliingia kwa mlango wa jikoni, nywele zikimchuruzika maji. Mkewe, Verna, akamrushia taulo. Kwenye maabara ya vijidudu ya jeshi iliyo pembeni mwa mji wetu huu wa Maryland, hatoki mtu bila kuoga, na Lyle hajawahi kujua kujifuta.

"Kazi ilikuwaje?"

"Kama jana tu, mpenzi."

Lyle alikufa mwaka 1958 kwa homa ya siku nne. Cheti cha kifo kiliandikwa nimonia. Nimonia gani jamani, jeneza la chuma limechomelewa lisifunguliwe! Jumatatu baada ya mazishi akarudi kutoka kazini, na mpaka leo hajakosa siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili hupumzika, sijui wapi.

Verna sasa ana miaka themanini na moja. Anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: cheti kitaje kilichomuua mumewe.

"Si uniambie wewe? Wewe ndiye uliyekufa!"

"Niliapa, Verna. Nilitia sahihi."

"Na mimi uliniapia kanisani. Au umesahau?"

Lyle aliinamia sahani yake ya kuku na tambi, masikio mekundu. Mimi jirani yao, niliyekuwa mezani pale, nilimhurumia.

Tangu zile barua za mwaka 2001 zenye unga wa kimeta, serikali imefungua mfuko kwelikweli. Jengo jipya la maabara limeinuka, vioo vitupu. Verna akawaandikia maabara barua yake ya kumi na tisa kuhusu cheti, na safari hii akaja mtu mzima mzima kutoka huko, Bwana Hargett, mpole, akala hata pai. Alisema jalada la Lyle lipo, ila hakuna fungu la kumlipa karani wa kulifungua.

Lyle akaingia.

"Ah, Bwana Stottlemyer, afadhali nimekukuta," Hargett alisema, akitoa karatasi. "Jengo jipya, kiapo kipya. Sahihi hapa."

"Karani wa jalada hamna, wa viapo mnaye!" Verna alifoka.

"Hiyo ni bajeti nyingine, mama."

"Lyle, usithubutu."

Lyle akachukua kalamu, akatia sahihi. Maji ya nywele yakadondokea jina lake, na Hargett akayafuta kwa lile taulo tunalolijua sote, akashukuru kwa pai, akaenda zake.

Kesho yake, saa kumi na moja na robo, Verna alikuwa amesimama mlangoni na taulo kavu. Hakuuliza kazi ilikuwaje. Alimkalisha, akamfuta nywele mwenyewe, taratibu, mpaka chakula kikapoa.