Inchi Thelathini na Mbili za Mzee Privatus

Adventina alirudi Kirushya akiwa na mfuko mzito kuliko ule alioondoka nao. Majuma sita alikuwa Ngara mjini kwa binti yake, Joan, akimwogesha mjukuu na kumkorogea mzazi uji. Mtoto alikuwa mlalaji. Kila alipolala, Joan aliwasha gemu ya mpira kwenye televisheni yao na kumpa mama yake pedi ya pili ya kuchezea. Juma la kwanza Adventina alifungwa mabao ya kuona haya kuyahesabu. Kufikia juma la nne, vidole vyake vilivyochambua maharage miaka arobaini vilikuwa vimeishika kazi, na Joan ndiye aliyeanza kutafuta visingizio. Siku ya kuagana mkwewe, aliyekuwa amenunua mashine mpya ya gemu, alimfungia ile ya zamani, na pedi zake mbili, ndani ya kitenge.

Shida ikawa nyumbani. Televisheni yao ilikuwa ya kichogo, kioo kama sahani, na mashine haikuwa na hata tundu la kuchomekwa.

"Baba Joan," alimwambia mumewe wakila, "televisheni yetu imezeeka. Tununue nyingine, kubwa, ya bei nafuu."

Mzee Privatus alikuwa fundi cherehani, mtu wa kujibu baada ya tonge la tatu. Hilo "nafuu" lilimpendeza. Hilo "kubwa" lilimkwama kooni. Rafiki yake Nyandwi, kule Kibimba, alinunua kubwa, na tangu siku hiyo hajawahi kula chakula cha jioni bila majirani kumi na mmoja.

"Inchi thelathini na mbili," alisema. "Isizidi hata chembe."

Na kwa kuwa alimjua mkewe, alikata utepe wa kitambaa, akaupima mara mbili kwa futikamba yake, akaupiga pindo ncha zote usije ukafumuka. "Kipimo ndicho hiki. Nenda nacho."

Duka alilokuwa ameelekezwa na Joan lilikuwa Biharamulo, la mwanamke wa Kisukuma aitwaye Ng'washi, muuzaji wa televisheni zilizotumika na mpya chache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe za thelathini na mbili."

Ng'washi akamwashia moja. Adventina alitoa mashine yake mfukoni, akaomba ichomekwe. Wachezaji walionekana kama siafu. Macho yake yakahama yenyewe hadi ukutani, palipoegemezwa televisheni ndefu kama kitanda.

"Ile je?"

"Ile ni sitini na tano. Ilitoka kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa. Imekwaruzika kona moja tu, lakini kila mtu anasema hana pa kuiweka. Nimechoka kuipangusa vumbi. Nitakupa kwa bei ya hiyo ndogo mpya."

Wakahamisha nyaya. Adventina alibonyeza, na mchezaji akapiga palepale, bila kusuasua. Alicheza nusu nzima, Ng'washi amesimama nyuma yake ameacha wateja wengine, kisha akatoa utepe. Akaushika chini ya fremu, akaupandisha wima hadi juu. Ulifika sawasawa kama ulioshonewa pale.

"Mama," alisema Ng'washi taratibu, "televisheni hupimwa kona kwa kona."

"Mume wangu hakutaja kona."

Ng'washi alimtazama, akautazama utepe, akaenda kutafuta godoro kuukuu la kuifungia.

Adventina alikodi pikapu iliyokuwa imeshusha ndizi na ikirudi tupu. Alikaa nyuma, amekumbatia mzigo wake uliosimama wima. Walipopumzika Benaco, mtu aliuliza kama ule ni mlango wa kanisa. Akamwambia ni wa sakristia tu.

Mzee Privatus aliwasikia wakifika nyumbani, akatoka na sindano mdomoni. Godoro lilipofunguliwa aliitoa sindano, akaichomeka kwenye kola ya shati.

"Mama Joan. Hiki ni nini?"

Adventina alitandaza utepe wima kwenye kioo. Mzee Privatus aliukagua juu, akainama akaukagua chini. Akalivuta pindo kuona kama limefumuliwa. Lilikuwa zima.

"Huo ni urefu wa kwenda juu," alisema.

"Wewe ni fundi. Mteja akikuletea kipimo cha suruali bila kukuambia ni cha kiuno au cha mguu, utamlaumu nani?"

Alikuwa na jibu, ila lingemwaibisha kama fundi, na dereva alikuwa bado anasikiliza. Akashika upande mmoja, wakaiingiza ndani. Meza iliyotosha kuibeba ilikuwa moja tu nyumba nzima: meza yake ya kukatia vitambaa.

Siku tatu alikata nguo sakafuni, amepiga magoti, hasemi ila "mkasi" na "chumvi". Adventina alicheza sauti ikiwa chini, na zaidi ya mara moja aliuona mkasi umesimama katikati ya kitambaa. Siku ya nne Mzee Privatus alianza kushona kitu kipana cha zambarau, chenye marinda, kikafika hadi sakafuni. Akaifunika televisheni na meza yake bila kueleza.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya. Baada ya sala, Francisca, mwenyekiti wao, mwanamke asiyepitwa na kitu, aliitazama ile zambarau kwa muda.

"Mzee, mmefunika nini pale?"

"Meza yangu ya kukatia," alisema Mzee Privatus.

Adventina aliinamia rozari yake akauma mdomo. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na alidhani mtu yule hawezi hila za maneno.

Wageni walipokwisha kuondoka, Mzee Privatus alikunja kifuniko pindo kwa pindo, akaketi kwenye kochi.

"Kitufe cha kupiga ni kipi?"

Adventina alimfunga mabao saba. Mumewe akasema pedi yake ni mbovu, wakabadilishana, akafungwa matano mengine. Mzee aliinuka, akaenda mlangoni kuhakikisha Francisca amekwisha kukata kona, akarudi.

"Anza upya," alisema.