Kofia ya Mama Kwenye Mvuke

Mama mkwe wangu, Ludmila Hruska, alikuwa ameshasahau mambo mengi mwaka ule, lakini hifadhi ya Yellowstone hakuisahau. Ndiko alikopelekwa fungate na marehemu baba mkwe, na kila asubuhi mezani alituuliza kama tumeshafunga mizigo. Basi Julai mume wangu Glen akakodi gari-nyumba, lenye vitanda, jiko na choo chake, tukatoka Nebraska sisi watatu.

Kumbe nusu ya Marekani ilikuwa na wazo hilohilo. Kila nyati alipovuka barabara watu walisimama kumpiga picha, na msururu mzima ukaganda. Kwenye chemchemi za maji moto tulizunguka uwanja wa magari mpaka Glen akaanza kutukana kwa Kicheki, lugha ya wazazi wake, asiyoijua ila matusi yake.

"Ulimi huo!" Mama akamkemea kutoka nyuma. "Baba yako angekuchapa."

Tukapata nafasi huko mwisho, kati ya magari-nyumba meupe yanayofanana kama mayai.

Kwenye njia ya mbao inayopita juu ya ardhi ile inayochemka, watu walikuwa wamebanana bega kwa bega. Glen alimshika Mama mkono. Mimi nilitangulia kuwafungulia njia. Familia moja ikamwomba Glen awapige picha, naye akauachia mkono wa Mama kwa muda wa kubonyeza kitufe tu. Alipogeuka, Mama hayupo.

"Trudy! Mama yuko na wewe?"

Niliposikia sauti yake, nikageuka kabla sijaelewa maneno.

Tulirudi nyuma, tukaenda mbele, tukipita chini ya makwapa ya watu. "Mama! Mama!" Glen aliita, na wanawake wote wenye watoto wakageuka kumtazama. Mvuke ulitupiga usoni, ukapofusha miwani yangu. Ukipeperuka, naona bwawa la samawati, linapendeza mno, linatokota. Kila bibi mwenye mvi alikuwa yeye, na hakuna aliyekuwa yeye.

Kisha nikaiona kofia. Kofia ya ukili, yenye utepe wa manjano niliouzungushia kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa imelala nje ya njia, juu ya ganda jeupe la ardhi, karibu kabisa na ukingo wa bwawa.

Nilinyoosha kidole. Glen akatazama, na mara mguu wake mmoja ukawa tayari nje ya mbao. Nikamkamata mkanda wa suruali. Ni mtu mzito, alikuwa ananikokota. Mwanamke mmoja mnene aliyevaa fulana ya Texas akamdaka begani.

"Kaka, we! Ukikanyaga hapo unapikwa!"

"Mama yangu yuko mle!"

"Basi unataka tuwatoe wawili?"

Glen akaketi palepale katikati ya miguu ya watu, akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika baba yake. Mimi sikulia. Nilikuwa nayatazama yale maji, nikiogopa kuona kitu na nikiogopa kutoona.

Askari wa hifadhi akaja mbio, binti mwenye nywele za kusuka aliyejitambulisha kwa jina la Nizhoni. Hakutuambia tutulie. Alipiga magoti, akakagua lile ganda kwa darubini, polepole, kipande kwa kipande.

"Hapa ganda ni jembamba kama la mkate," akasema. "Mtu akipita, linavunjika. Hili halijavunjika popote. Upepo huu unatuletea kofia kila siku."

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Kuhusu hapa, ndiyo." Kwingine hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Chemchemi zilikuwa tele bonde zima.

Akaongea kwenye redio yake, akaeleza umri, sweta ya kijani, viatu vyeupe. Tukasubiri. Redio ilikoroma tu. Mahali fulani umati ulishangilia, chemchemi imerusha maji yake angani, yaleyale Mama aliyosafiri kuja kuyaona. Hatukugeuka.

Mwishowe redio ikasema kuna kizaazaa uwanja wa magari.

Tukakimbia. Mbele ya gari-nyumba jeupe, ambalo si letu, walisimama mume na mke na funguo zao mkononi, na ndani, nyuma ya mlango uliotiwa komeo, Mama akifoka.

"Tokeni, wezi nyie! Mwanangu akirudi atawavunja mbavu!"

"Bibi, ni gari letu," yule bwana alisihi. "Tulisahau kufunga mlango, na sasa ameshika kikaango," akatunong'oneza.

Glen akauegemea mlango. "Mama, ni mimi. Glen."

Mama akajibu: "Glen wangu ni mdogo. Wewe una sauti ya mzee."

Niliuona uso wa mume wangu ukianguka. Nikamsogeza taratibu, nikagonga kama jirani anavyogonga.

"Mama Ludmila, hodi! Ni Trudy. Nimekuja kumenya viazi."

"Umechelewa," akasema, na komeo likafunguka.

Wenye gari walikataa hata kuombwa radhi. Mwanamke wa Texas, aliyetufuata akihema, alimkumbatia Mama kama dada yake.

Mimi ndiye niliyeendesha kurudi kambini. Glen aliketi nyuma na Mama, vidole vyake vimefungwa kwenye vya Mama. Foleni haikusogea, nyati tena.

"Kijana," Mama akamwambia, "unaniumiza mkono."

"Samahani, Mama," Glen akajibu, lakini hakumwachia.